Hati Ikishatoka Hairudi: Kutengeneza PDF na Kuikabidhi

Ndugu mwenyekiti, wataalamu wenzangu, na nyinyi vijana mliokaa nyuma karibu na soketi za umeme, asanteni kwa kunipa nafasi.

Nimeombwa nizungumzie kazi ambayo wengi wetu tunaidharau: kutoa hati ya PDF kutoka kwenye programu ya wavuti. Dharau hiyo najua inavyoanza. Mteja anasema, "Na pale chini muweke kitufe cha kupakua PDF." Mkuu wa mradi anaipangia siku moja, kitufe kinawekwa, watu wanaendelea na mengine. Baadaye kitufe hichohicho ndicho kinacholaza seva kila mwisho wa mwezi, ndicho kinachomwonyesha mtu ankara ya mwenzake, na ndicho kinachotoa risiti mbili zenye namba moja na jumla mbili tofauti.

Ninalo jambo moja tu la kusema, na mengine yote yatakuwa matawi yake. Kutengeneza hati ni kazi moja, kuikabidhi ni kazi nyingine, na katikati yake lazima pawe na mahali ambapo hati imekaa, imekamilika, haiguswi tena. Matatizo mengi ya PDF yanatokana na kuzichanganya kazi hizi mbili ndani ya mbofyo mmoja.

Ukurasa wa wavuti ukikosea leo, unausahihisha na kesho kila anayeufungua anaona kilicho sawa. PDF haiko hivyo. Ikishapakuliwa ni mali ya mtu. Ataituma kwa simu, ataichapa, ataipeleka benki, ataifungia kwenye jalada, na wewe huna mkono wa kuifikia huko. Maji yakimwagika hayazoleki.

Na hilo si kasoro ya PDF, ndilo lililokusudiwa tangu mwanzo. Mwaka 1991 John Warnock, mmoja wa waanzilishi wa Adobe, aliandika waraka mfupi kuhusu mradi alioupa jina la Camelot. Alilalamika kwamba hati iliyotengenezwa kwenye mashine moja haikuwa na njia ya uhakika ya kuonekana vilevile kwenye mashine nyingine. PDF ikatoka mwaka 1993, na mwaka 2008 ikawa kiwango cha kimataifa, ISO 32000. Lengo lilikuwa ukurasa usiobadilika, nao umebaki hivyo. Ndani yake A4 ni pointi 595 kwa 842, pointi moja ikiwa sehemu ya 72 ya inchi, na vipimo vinahesabiwa kuanzia kona ya chini kushoto. Hakuna mstari unaojikunja kufuata upana wa skrini. Kuna amri tu: weka herufi hizi hapa, chora mstari pale.

Kwa hiyo kabla hujaandika hata mstari mmoja wa msimbo, uliza kama PDF inatakiwa kweli. Meneja anayetaka kuchuja mauzo kwa tarehe hataki PDF, anataka ukurasa mzuri au faili la CSV la kufungulia kwenye lahajedwali. Mtu anayesoma kwenye simu hataki karatasi ya A4 anayolazimika kuivuta kwa vidole viwili huku na huku. Mimi nina kipimo kimoja: je, yupo atakayeihitaji hati hii jinsi ilivyokuwa siku ilipotolewa? Risiti, ndiyo. Cheti, ndiyo. Mkataba, taarifa ya akaunti, hati ya matokeo, ndiyo. Orodha ya wateja inayobadilika kila saa, hapana. Na kama wakikung'ang'ania uitoe, basi andika juu yake saa na tarehe ilipotengenezwa.

Sasa tuichukue ankara, kwa sababu ndiyo inayotuumbua. Mfumo wa kawaida uko hivi: mtu anabofya, programu inaingia kwenye hifadhidata, inasoma jina la mteja, anwani, bidhaa na kiwango cha kodi, inajaza kiolezo, PDF inatoka. Msimbo unapendeza kuusoma. Halafu mteja anahama. Kiwango cha kodi kinabadilika. Mbunifu anabadilisha nembo. Mtu akipakua upya ankara ya mwaka juzi anapata karatasi yenye tarehe ya mwaka juzi, anwani ya leo na kodi ya leo. Mkaguzi ambaye tayari ana nakala ya zamani mkononi anakuuliza ipi ni ya kweli, na jibu la haki ni kwamba mfumo wako haujui.

Dawa yake si ngumu. Siku hati inapotolewa rasmi, nakili thamani zote zilizoingia ndani yake na uziweke kwenye rekodi moja isiyohaririwa: jina kama lilivyokuwa, bei kama ilivyokuwa, pamoja na toleo la kiolezo. Tengeneza PDF mara moja kutoka kwenye rekodi hiyo. Hifadhi baiti zenyewe kwenye ghala la mafaili, kokotoa alama ya SHA-256 ya faili, yaani namba ndefu inayobadilika hata baiti moja ikiguswa, na uiandike kwenye hifadhidata. Kuanzia hapo kila anayebofya anapewa baiti zilezile. Pakiwa na kosa, huirekebishi ile. Unaibatilisha kwa kutoa hati nyingine yenye namba yake, inayotaja ile ya kwanza.

Wapo wanaosema, "Kwa nini tule nafasi ya diski wakati tunaweza kuizalisha tena?" Jaribuni. Zalisheni PDF ileile mara mbili kwa data ileile kisha mlinganishe alama zake. Kwa maktaba nyingi za msimbo wa kutengeneza PDF hazitalingana, kwa sababu ndani kuna tarehe ya kuundwa na kitambulisho cha faili ambavyo hubadilika kila mara. Na hapo bado hatujasasisha maktaba wala fonti. Diski ni rahisi. Ugomvi juu ya hati mbili zenye namba moja ndio ghali.

Tukiwa hapohapo, kuna mtu anayebofya mara mbili. Mtandao ni wa polepole, hajaona kitu, anabofya tena. Kama kila mbofyo unatoa namba mpya ya risiti, umeshamtolea mbili kwa malipo mamoja. Usimtegemee mbunifu akuzimie kitufe. Weka sharti la upekee kwenye hifadhidata: malipo haya, risiti moja. Ombi la pili likija, lipewe ile iliyokwisha kutolewa.

Vifaa sasa. Njia ni mbili kubwa. Ya kwanza ni kuchora mwenyewe kwa maktaba: ReportLab kwa Python, PDFBox kwa Java, FPDF kwa PHP, Prawn kwa Ruby, PDFKit kwa Node. Ni nyepesi, zina kasi, hazili kumbukumbu, lakini wewe ndiye unayepima kila kitu kinakaa wapi. Ya pili ni kuandika HTML na CSS, lugha za kurasa za wavuti, kisha kuzigeuza: WeasyPrint inafanya hivyo bila kivinjari, Dompdf inafanya ndani ya PHP ikielewa sehemu tu ya CSS, na Puppeteer au Playwright zinaendesha kivinjari kizima cha Chromium bila dirisha. Mkikuta mafunzo ya zamani yanawaelekeza kwenye wkhtmltopdf, yapiteni. Hazina yake ya msimbo ilifungwa mwaka 2023 na injini yake ya WebKit ilishazeeka muda mrefu kabla ya hapo. Na someni leseni. iText ni nzuri sana, ila toleo lake la bure liko chini ya AGPL, na masharti ya AGPL yanagusa hata programu inayotumiwa kupitia mtandao tu.

Mkiniuliza mimi: risiti fupi na lebo, chora mwenyewe. Barua, vyeti na ripoti ambazo watu wasioandika programu watataka kuzibadilisha kila wiki, tumia HTML. Na kama kiolezo chako hakina JavaScript, anza na WeasyPrint kabla ya kukimbilia Chromium. Kubeba kivinjari kizima kwa ajili ya jedwali la mistari kumi ni kukodi lori kubeba kikapu.

Wanaochagua Chromium, na mtakuwa wengi, kuna mambo ya kuyajua mapema. Puppeteer, usipoiambia kitu, hutoa karatasi ya Letter, ile ya Marekani, milimita 216 kwa 279. A4 ni 210 kwa 297. Mteja akichapa kwenye A4, printa inapunguza au inakata, na lawama ni zako. Vilevile haichapi rangi za nyuma mpaka uwashe printBackground, ndiyo maana vichwa vya majedwali vyenye maandishi meupe hupoteza rangi yao ya nyuma na kusomeka kwa shida. Andika ukubwa wa karatasi ndani ya CSS yenyewe kwa @page na uiambie Puppeteer iufuate. Zuia safu ya jedwali isikatwe katikati kwa break-inside: avoid. Tumia thead halisi, sehemu ya HTML ya kichwa cha jedwali, maana ndiyo inayorudiwa kichwani mwa kila ukurasa jedwali linapoendelea.

Halafu fonti. Kwenye kompyuta yako kila kitu kinapendeza, ukipeleka kwenye kontena, kile kifurushi kinachoendesha programu kwenye seva, herufi zinageuka visanduku vitupu. Violezo vingi vidogo vya kuanzishia kontena havina fonti hata moja. Beba fonti zako mwenyewe, zipachike, na subiri zipakiwe kabla ya kuchapa. Kwa wanaochora kwa maktaba, hatari inakuja kwa sura nyingine. PDF ina fonti 14 za kawaida ambazo kila kisomaji hujua kuzishughulikia, Helvetica, Times na Courier zikiwemo, na maktaba nyepesi huanza nazo. Kiswahili kinaandikika vizuri kwa hizo. Lakini majina ya watu hayafuati mipaka ya fonti zako. Jina la Kituruki lenye ş halimo. Jina la Kiarabu halimo kabisa, na hata ukipachika fonti yenye herufi za Kiarabu, maktaba isiyojua kuziunganisha itaziandika moja moja, wakati mwingine kinyumenyume. Kumwandikia mtu jina lake hivyo kwenye cheti chake ni aibu.

Chromium inakula kumbukumbu, hivyo usiifungue ndani ya ombi la wavuti. Watu wakija wengi kwa wakati mmoja, kila mmoja na kivinjari chake, mfumo wa uendeshaji utaanza kuua michakato, na hautakuuliza uanze na upi. Weka kazi kwenye foleni, mfanyakazi wa nyuma aichukue, wawepo wafanyakazi wachache wanaojulikana idadi, kila kazi na kikomo cha muda. Ombi la mtumiaji lijibiwe mara moja kwa 202, "limepokelewa", na ukurasa uulize kila baada ya muda kama hati iko tayari. Kwa sababu tumeshatenganisha kutengeneza na kukabidhi, hili halihitaji ujanja wowote.

Nataka sasa tufungue faili lenyewe, kwa kihariri cha maandishi, tulione lilivyo. Mstari wa kwanza unasema %PDF-1.7. Vinafuata vitu vyenye namba, mfano 4 0 obj, na ndani ya kimojawapo, kama hakijabanwa, mtaona kitu kama hiki: BT /F1 12 Tf 72 720 Td (Jumla) Tj ET. Maana yake: anza maandishi, chukua fonti F1 kwa ukubwa wa 12, sogea pointi 72 kulia na 720 juu, andika "Jumla", maliza. Mwishoni, katika mafaili ya muundo wa zamani, kuna jedwali la xref linalosema kila kitu kinaanzia baiti ya ngapi, kila ingizo likiwa baiti 20 kamili. Chini kabisa ni startxref, namba, na %%EOF. Kisomaji huanza mwishoni, kinasoma namba ile, kinarukia jedwali, ndipo kinajua vitu viko wapi.

Sasa tazama kinachotokea programu yako ya PHP ikichapa onyo dogo, au hata nafasi tupu, kabla ya %PDF. Kila kitu kimesogea. Jedwali linaelekeza pengine. Visomaji vingi ni vyenye huruma na vitajenga upya jedwali, Acrobat, kisomaji cha Adobe, kwa miaka mingi imekubali kichwa kikianza popote ndani ya baiti 1024 za mwanzo, lakini mfumo wa taasisi unaopokea hati na kuikagua kwa ukali utaikataa, na mteja atakuambia "kwangu inafunguka, kwao haifunguki".

Kuna ugonjwa mwingine ninaoupenda kwa jinsi unavyojificha. Mtu anapakua PDF, inafunguka bila malalamiko, ina kurasa tatu kama inavyotakiwa, na zote tatu ni nyeupe pe. Usiende kupekua kiolezo. Skripti ya kwenye kivinjari imesoma jibu la seva kama maandishi badala ya kulisoma kama baiti. Kila baiti isiyo halali katika UTF-8, mfumo wa kuandika herufi kwa baiti, imebadilishwa kuwa EF BF BD, baiti tatu mahali pa moja. Muundo wa faili umeandikwa kwa herufi za kawaida, kwa hiyo umepona na kurasa zinahesabika. Yaliyobanwa ndani yake, yaani kila kinachoonekana, yamekufa. Linganisha ukubwa: faili la mtumiaji litakuwa kubwa kuliko la kwenye seva. Kama lazima utumie skripti, soma jibu kama blob, yaani baiti ghafi. La sivyo mpe mtu linki ya kawaida, kivinjari kinajua kupakua kuliko wewe.

Kuikabidhi kunadai vichwa vichache vya HTTP, yaani maelezo yanayotangulia faili, lakini kila kimoja kina kazi. Content-Type iwe application/pdf. Content-Disposition iseme inline ukitaka ifunguke ndani ya kivinjari, au attachment ukitaka ipakuliwe. Jina la faili lenye herufi zisizo za ASCII lipitie filename* kama RFC 6266 inavyoelekeza, na usichukue jina alilojaza mtumiaji ukalimwaga humo bila kulisafisha, maana alama ya mstari mpya ndani ya kichwa cha HTTP ni mlango wa mshambuliaji. Kwa mafaili makubwa, ruhusu kisomaji kuomba vipande. Seva za kawaida kama nginx hufanya hivyo zenyewe zikiachiwa kutuma faili. Hapo ndipo kichwa cha X-Accel-Redirect kinapofaa: programu yako inakagua haki ya mtu, kisha inaiambia nginx, "mpe hili", na yenyewe inarudi kwenye kazi nyingine.

Nimesema inakagua haki. Hapa nitakaa kidogo. Anwani inaishia na /ankara/1042.pdf. Mtu mdadisi anabadilisha kuwa 1043. OWASP, shirika la usalama wa programu za wavuti, katika orodha yake ya mwaka 2021, iliweka udhaifu wa kudhibiti haki za kufikia nafasi ya kwanza, na PDF ni mahali unapojificha vizuri, kwa kuwa watu hulinda ukurasa wakasahau faili. Kutumia kitambulisho kirefu kisichobashirika badala ya 1042 kunasaidia, ila si ukaguzi wa haki: linki hutumwa, hubaki kwenye historia ya kivinjari na kwenye kumbukumbu za seva. Kagua kila ombi. Linki za barua pepe ziwe na sahihi na muda wa kuisha. Weka Cache-Control: private, no-store, kwa sababu baadhi ya mitandao ya kusambaza maudhui huhifadhi chochote kinachoishia na .pdf bila kuambiwa, na mtu wa pili hupewa nakala ya mtu wa kwanza.

Na msijidanganye kwa kufunga PDF kwa nenosiri la tarehe ya kuzaliwa. Miaka mia moja ina siku zisizozidi 36,600. Kompyuta ya kawaida itazijaribu zote upesi sana, tena mshambuliaji akiwa nalo faili nyumbani kwake, hakuna seva ya kumzuia.

Upande wa kutengeneza nao una mlango wake. Ukigeuza HTML kuwa PDF, kila ulichokipokea kwa mtumiaji ni HTML mpaka ukikinge, yaani alama zake zisisomwe kama amri. Mtu anajaza kwenye sehemu ya jina iframe, amri ya kuonyesha kitu kingine ndani ya ukurasa, inayoelekea file:///etc/passwd, faili la orodha ya watumiaji wa seva, kivinjari chako kilicho ndani ya seva, kama hakijazuiwa kusoma mafaili yake, kinatii, na yaliyomo yanachapwa vizuri kwenye risiti yake. Au anaelekeza 169.254.169.254, anwani ambayo watoa huduma wengi wa wingu huitumia kuipa mashine taarifa zake, pengine na funguo za muda. Kinga maandishi yote yaingiayo kwenye kiolezo, zima JavaScript kama huihitaji, na mfanyakazi wa kutengeneza PDF aishi kwenye kontena isiyo na njia ya kufika popote zaidi ya pale anapochukua picha na fonti.

Kuhusu kuficha taarifa nitasema sentensi moja: mstatili mweusi juu ya maandishi haufuti maandishi, mtu atayanakili kwa kipanya.

Wanaotia sahihi ya kidijitali, hiyo iwe hatua ya mwisho kabisa. Sahihi inafunga safu ya baiti zilizotajwa ndani ya faili. Ukija baadaye kulibana faili au kulipanga upya lifunguke haraka, umeivunja mwenyewe. Na kwa vyeti, hata vyenye sahihi, ongeza QR inayompeleka mtu kwenye ukurasa wa seva yako unaoonyesha jina na namba ya cheti, kwani wanaopokea cheti mara nyingi wanakipokea kimechapwa, na karatasi haina sahihi ya kidijitali.

Wasioona tunawasahau. PDF isiyo na lebo za muundo ni rundo la herufi kwa programu inayosoma skrini kwa sauti. Haijui kichwa cha habari ni kipi wala safu ya jedwali inaanzia wapi. Kiwango chake kipo tangu mwaka 2012, kinaitwa PDF/UA. Anza kwa kuweka kichwa cha hati na kutaja lugha kuwa sw, ili sauti isikisome Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza.

Majaribio, namalizia hapo. Msilinganishe baiti, nimeshasema kwa nini. Tumieni qpdf --check kukagua muundo, pdftotext kutoa maandishi na kuhakikisha jumla iliyochapwa ndiyo iliyo kwenye hifadhidata, na pdftoppm kugeuza kurasa ziwe picha za kulinganisha. Wekeni data ya uchokozi: jina la herufi 60, anwani ya mistari sita, kiasi cha tarakimu tisa, na ankara ambayo bidhaa zake zinajaza ukurasa wa kwanza barabara hadi neno "Jumla" linaangukia ukurasa wa pili peke yake. Kiolezo kikiguswa, hati hizo zote zitengenezwe upya. Kisha mtu mmoja azichape kwenye karatasi, si kuzitazama kwenye skrini tu, kwa sababu printa nyingi hazifiki ukingoni, na ile QR mliyoibana kwenye kona itatoka imekatwa.

Nina muda wa maswali. Yule kijana mwenye soketi aliinua mkono zamani, tuanze naye.